Nyama Aliyoikataa Rahma

Kutoka Marangu Mtoni mpaka Mwika hakuna aliyefungua mdomo ndani ya ile Noah. Hata Gladness, ambaye tangu Moshi alikuwa anaongea kuliko redio, alikaa kimya kiti cha nyuma, pochi kaikumbatia kifuani, anaangalia migomba inavyopita dirishani.

Rahma alikuwa amekaa mbele. Alimwangalia Godlove kwa pembeni, kwa wizi wizi. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. Ile mikono yake, ambayo asubuhi ilimfunga mkanda kwa utani ikachelewa makusudi kutoka begani kwake, sasa ilikuwa imekamata usukani kama inataka kuung'oa.

"Godi," alimwita polepole.

"Naendesha gari, Rahma."

Mwaka mmoja na nusu huyu kijana hajawahi kumwita kwa jina lake kavu namna ile. Siku zote ilikuwa "mrembo", na akiwa na furaha sana ilikuwa "mama watoto". Leo Rahma. Akageuza uso dirishani ili asionekane macho yake yanavyojaa.

Na asubuhi safari ilianza vizuri jamani! Ilikuwa Januari, jua la kiangazi limetoka mapema, mlima umefunguka wote mpaka theluji inaumiza macho. Walitoka Pasua, mtaa wa Moshi mjini, saa moja, wanakwenda Tarakea kumwona rafiki yao Kindness aliyejifungua. Kindness alisoma ushonaji na Rahma pale Moshi, na kwao ni jirani kabisa na kina Godlove, kihamba kwa kihamba, mashamba yao ya migomba yanapakana. Yeye ndiye aliyewakutanisha. Alipoolewa na Sirili, mfanyabiashara wa maharage, akahamia huko mpakani, na hawajamwona tangu harusi. Kwa hiyo walipanga wazunguke wakitembea: wale mahindi ya kuchoma Himo, wapige picha maporomoko ya Kinukamori, wakaone Ziwa Chala, jioni warudi. Gladness, msusi mwenye saluni jirani na kwa kina Rahma, alichukuliwa ili baba yake Rahma, Mzee Mikidadi, amruhusu atoke.

Lakini katikati ya hayo matembezi kulikuwa na kituo kimoja ambacho hakikuwa cha picha. Nyumbani kwa mama yake Godlove, Marangu.

Mzee Mikidadi, fundi masofa wa Pasua, alikuwa amesema mwenyewe, misumari ikiwa bado mdomoni: "Rahma, kuna watu wa Tanga wameleta barua ya posa. Kijana wao namjua. Huyu dereva wako anapita tu hapo nje na gari la watalii. Kama ana wazazi, waje wakae kwenye makochi yangu, mambo ya dini na mengine tuyaongee watu wazima kwa watu wazima. Mwisho Jumapili, saa kumi. Wasipotokea, nawajibu watu wa Tanga, na wewe usinililie."

Hiyo Jumapili ilikuwa kesho.

Baba yake Godlove alishafariki, kwa hiyo wa kwenda Pasua alikuwa mama. Na mama alijibu kwenye simu: "Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Mpitishe hapa kwanza nimwone. Nione anavyokaa, nione anavyokula."

Nione anavyokula. Rahma aliyakumbuka maneno hayo pale garini.

Alikuwa amekaa vizuri. Aliamkia shikamoo mpaka akakunja goti. Hata yale maneno ya Kichagga aliyofundishwa njiani, haika mae, ahsante mama, alikuwa ameyashika kichwani, anasubiri nafasi ya kuyatumia. Walipokuwa wanaingia getini walipishana na mzee mmoja amevaa kofia ya kiua, kashika kifurushi cha ngozi ya mbuzi kimefungwa kwa kamba. Yule mzee akamwambia "Asalaam aleikum binti yangu," Rahma akaitikia, akapita, mawazo yake yote yapo kwa mama mkwe.

Mama Godlove alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anachechemea mguu wa kushoto kwa sababu ya goti. Hakucheka, hakununa. Aliwakaribisha ndani, chini ya kalenda ya usharika na picha ya kipaimara ya Godlove. Godlove mwenyewe akaitwa nje na baba yake mdogo kuangalia maji ya rejeta. Elifuraha, mdogo wake wa mwisho, akaleta ndizi zinatoa mvuke, huku analalamika chini chini: "Mbuzi mzima, halafu leo kisusio hakuna. Mama kasema damu yote imwagwe. Sasa mbuzi gani hana supu ya damu?"

"Elifuraha, funga mdomo," mama yake akamwambia.

Halafu mama mwenyewe, kwa mkono wake, akaweka kwenye sahani ya Rahma kipande kimoja kinene cha nyama ya kuchoma, chenye mafuta na mfupa laini. Akatoka kwenda kuchukua maziwa.

Rahma akaiangalia ile nyama. Nyumba ya Walutheri, mbuzi wa nyumbani. Kachinja nani? Kwao Pasua alilelewa kwamba usichojua kimechinjwaje, usikitie mdomoni. Alitaka kuuliza. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini aliona ataonekana anaikagua nyumba ya watu, tena siku ya kwanza. Aibu ikamshinda. Akasukuma kile kipande kwenye sahani ya Gladness.

"Kula wewe, mimi nimeshiba."

"Weee! Unanipa kweli?" Gladness, mtoto wa Singida asiyekataa nyama, hakusubiri jibu. "Mmh, shosti, hii nyama mbona inayeyuka!"

Rahma alipoinua macho, Mama Godlove alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Ameona yote. Elifuraha alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Hukuipenda?" mama aliuliza.

"Hapana mama, nimeshiba tu. Tumekula sana Himo."

Mama Godlove akaweka kibuyu mezani polepole sana. Akarudi jikoni na hakutoka tena mpaka wanaaga. Akampa Rahma mkono bila kumwangalia usoni, akamwambia mwanae kitu kifupi kwa Kichagga. Godlove akabaki amesimama kama mtu aliyepigwa kofi.

*

Mbele ya Mwika wakakata kulia, wakashuka barabara ya vumbi mpaka Ziwa Chala. Pale juu ya genge, ziwa liko chini kabisa kama limemiminwa kwenye bakuli, maji ya kijani yametulia, ng'ambo ni Kenya. Mahali pa watu kushikana mikono. Gladness akajifanya anatafuta mtandao, akasogea mbali na simu yake.

"Mama amesema nini?" Rahma aliuliza.

Godlove aliokota jiwe, akalitupa. Hawakusikia likianguka.

"Amesema kesho haendi Pasua."

"Kwa sababu ya nyama?"

"Amesema, 'Huyo mtoto hatutaki sisi. Asilazimishwe.' Basi. Mama yangu haongei mara mbili."

"Lakini nilisema nimeshiba! Nilisema kwa heshima, Godi!"

"Ulishiba nini? Nusu muhindi? Mama kazaa sita, hamjui mtu aliyeshiba?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Rahma zaidi. "Mbuzi wa mama yangu, Rahma. Mwanamke yule anachinja Krismasi na Pasaka. Leo kachinja Jumamosi ya kawaida, kwa ajili yako, halafu unamsukumia Gladness kama mfupa."

"Ulitaka nifanye nini? Nile kibudu ili mama yako afurahi?"

Neno likatoka. Rahma alilisikia likitoka na hakuweza kulirudisha. Hata Gladness, kule mbali, alishusha simu.

"Kibudu," Godlove akasema.

"Godi, sikumaanisha hivyo."

"Ndicho tulichokulia mimi na ndugu zangu. Kibudu. Ahsante kwa kutujulisha."

"Na wewe je?" Machozi yalikuwa yanamshuka sasa, akaacha yashuke. "Unajua mimi sili! Mwaka mzima na nusu unajua! Ulimwambia mama yako?"

"Nilimwambia! Mwezi uliopita, kwenye simu."

"Akasema nini?"

Godlove akasita. "Aliguna. Akakata."

"Aliguna! Na wewe ukaridhika na mguno? Mimi nikaingia mle ndani kama kipofu, sijui kachinja nani, wewe uko nje unamimina maji kwenye rejeta!"

Waliangaliana. Rahma aliona macho yale yale aliyoyapenda siku ya kwanza kwenye cherehani ya Kindness, yale yenye kope ndefu kama za mtoto, na ndani yake hakukuwa na mahali pa yeye kuingia. Upepo ulimfungua ushungi. Siku nyingine Godlove angenyoosha mkono amrekebishie. Mkono ulitoka kidogo, ukarudi mfukoni.

"Tukamsalimie Kindness, tumwone mtoto," alisema. "Tukirudi nakushusha Pasua. Baba yako awajibu watu wa Tanga."

Akatangulia kwenye gari.

*

Tarakea walifika saa nane, soko limejaa, watu wanavuka mpaka na viroba vya maharage. Kindness alitoka mbio na mtoto mgongoni, akawakumbatia wote watatu kwa pamoja, akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

"Jamani wageni wangu! Godlove, mangi wangu, umenenepa! Rahma, mbona macho mekundu? Vumbi la Chala hilo. Gladness, njoo umshike mwanao!"

Wakaingia, wakakaa. Godlove alichagua kiti cha mlangoni, mbali. Kindness hakuona kitu, alikuwa na hamu yake. Akamsogelea Rahma, akampiga paja.

"Ehee, hebu niambie. Umekula kidari?"

"Kidari gani?"

"Usinifiche bwana! Kidari cha mbuzi. Mama Godlove kakuwekea, hakukuwekea?"

"Aliniwekea nyama. Kipande kimoja, kinene, kina mfupa laini."

"Ndicho chenyewe!" Kindness akapiga makofi. "Sasa wewe, kwetu kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe. Shingo ya huyu, mguu wa yule, na kidari ni cha mama wa nyumba na wakwe zake wa kike. Mgeni hapewi, hata awe askofu. Mama akikukatia kidari kwa mkono wake, amemaliza maneno. Amesema huyu ni wangu."

Gladness alikuwa anambembeleza mtoto, akaacha.

"Kile kilichokuwa kinayeyuka?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mungu wangu. Nimekula ndoa ya mtu."

"Umekula nini?" Kindness akageuka. "Rahma, hukula?"

"Sikujua kachinja nani," Rahma alinong'ona. "Niliona aibu kuuliza."

Kindness akashika kichwa. "We mtoto wewe! Yule mama kanipigia wiki iliyopita. Kaniuliza, 'Kindness, wewe unaishi na Waislamu huko sokoni, nifanye nini huyu binti ale kwangu?' Nikamwambia, tafuta Mwislamu akuchinjie, na damu usipike. Kamfuata mzee Shakiru, yule fundi cherehani wa Himo. Alfajiri ya leo! Mwenyewe kanisimulia asubuhi kwenye simu. Kampandia bodaboda kumfuata, yule mama na lile goti lake, na pikipiki anaziogopa kuliko shetani!"

Yule mzee wa getini. Kofia ya kiua. Asalaam aleikum binti yangu. Na Elifuraha, leo kisusio hakuna. Vyote vilikuwa mbele yake, na yeye alikuwa anatazama sahani tu.

Alimwangalia Godlove. Godlove alikuwa amesimama, uso umembadilika.

"Hakuniambia," alisema. "Kindness, mama hakuniambia chochote."

"Mama yako aliwahi kukuambia kitu lini? Mama yako anapika."

Rahma akafunga ushungi wake upya, akaubana kwa pini. "Godi, washa gari."

"Sasa hivi? Na chai?" Kindness akashangaa. "Mmekaa hata robo saa hamjamaliza! Hata jina la mtoto hamjaniuliza!"

Rahma akainama, akambusu mtoto kwenye kipaji. "Nitarudi kuuliza. Nikirudi, nitakuja kama mke wa mtu, au sitakuja kabisa."

*

Njia nzima ya kurudi Godlove aliendesha kwa kasi, na mlima ulikuwa umeshajifunika mawingu upande wao wa kulia. Walipopita Mwika, Rahma alisema bila kumwangalia:

"Nisamehe kwa lile neno."

"Lipi?"

"Unalijua."

Godlove akabadilisha gia. Mkono haukurudi kwenye usukani. Ulibaki pale katikati, kiganja juu. "Nisamehe na mimi kwa ule mguno," alisema. "Ningeuliza mara mbili tusingefika hapa. Lakini Rahma, mama akishafunga mlango, mimi sijawahi kuona anaufungua. Hata kwa shangazi yangu. Miaka minne sasa."

"Basi nitagonga."

Rahma hakuushika ule mkono. Alitaka, mpaka vidole vilimuuma. Lakini alijiambia, bado. Kama mama atakataa, sitaki kujua tena ulivyo wa joto.

Saa kumi kasorobo walisimama getini. Godlove alitaka kutangulia, Rahma akamzuia kwa kichwa. Akavua viatu, akapita pembeni ya nyumba peke yake mpaka jiko la nje, mahali moto ulipokuwa unawaka.

Mama Godlove alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi. Aliinua macho, akaendelea kumenya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmesahau kitu?"

"Mimi nimesahau. Nimesahau nyama yangu."

Kisu kikasimama. "Ulisema umeshiba."

"Nilikudanganya, mama." Rahma akachuchumaa, sketi yake ya safari ikagusa majivu. "Nilikuwa na njaa mpaka miguu inatetemeka. Nilitaka kuuliza kachinja nani, nikaogopa. Nikaona nikiuliza utasema mtoto huyu anatuona sisi wachafu. Nikaona bora uongo. Sikujua kile kipande ni nini. Huko Tarakea ndiyo nimeambiwa. Na kwamba ulipanda pikipiki."

Kuni zililia motoni. Nje, mtu alikohoa. Alikuwa Godlove, kasimama nyuma ya mgomba kama mtoto mdogo anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Unajua nilikaa nimefumba macho kutoka hapa mpaka Himo?" mama alisema mwishowe. "Yule kijana wa pikipiki ananicheka, ananiambia, 'Bibi fungua macho, barabara nzuri.' Nikamwambia wewe endesha, mimi nasali. Nikafika kwa Shakiru sina hata sauti. Halafu nakuja kuona rafiki yako anatafuna."

"Nisamehe mama."

"Swali moja tu. Kachinja nani, mama? Ungeuliza, ningekasirika? Mimi nimekaa wiki nzima nasubiri uniulize, nipate kujivuna!"

Rahma hakujua acheke au alie. Akafanya vyote, akajifuta kwa mtandio.

Mama Godlove akainuka kwa shida, akashikilia goti. Juu ya mafiga, palipokuwa na fito za kukaushia kuni, kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Akakishusha. Akakifungua. Nusu ya kidari, imeiva, imeshika moshi.

"Nusu kala yule wa Singida," alisema. "Nusu hii niliinyima nyumba nzima. Elifuraha kaililia mchana kutwa. Hata sijui nilikuwa namwekea nani."

Akakata kipande, akakishika kwa ncha ya vidole, akakinyoosha.

"Kachinja nani?" Rahma aliuliza.

"Shakiru," mama akajibu, na kichwa akakiinua juu. "Kwa bismillahi. Nilisimama pale pale nikasikia."

Rahma akafungua mdomo kama mtoto. Nyama ilikuwa imekauka kidogo, ina chumvi, na moshi ulimwingia machoni. Akatafuna. Mama alimkazia macho bila kupepesa, mpaka alipoona koo limeshuka.

"Haika, mae," Rahma alisema.

Mama Godlove akageukia nyumba, akapaza sauti ambayo Godlove aliisikia nyuma ya mgomba, na Gladness akaisikia ndani ya gari:

"Elifuraha! Kile kitenge changu cha kanisani, kitoe, ukipige pasi! Na umwambie baba yenu mdogo asivue suti kesho baada ya ibada, tunakwenda Pasua!"

Halafu akakaa tena kwenye kigoda, akamsukumia Rahma beseni la ndizi na kisu cha pili.

"Menya. Na mwambie mama yako pilau ninakula, lakini asiweke pilipili. Na huyo mwenzako aliyejificha huko nyuma mwambie kesho aje kunichukua na gari. Pikipiki, imetosha."